Nusu Saa ya Kwenda Kigali

Kutoka Dubai hadi Guangzhou ni kilomita 5,800 hivi. Ndege ya abiria inayoelekea mashariki humaliza safari hiyo kwa saa saba na kidogo. Ikirudi magharibi hutumia saa nane, pengine na zaidi. Hesabu hii wanaijua watu wa mtaa wetu wa Nyakabiga, hapa Bujumbura, ambao hawajawahi kuiona bahari. Wanaijua kwa sababu shemeji yao yuko Dubai, au kwa sababu binti wa jirani ameagiza viatu kutoka Guangzhou, au kwa sababu mwenye duka la simu amewaeleza mara nyingi jinsi mzigo unavyosafiri. Majina ya miji hiyo miwili ya Asia yanatajwa kwetu kwa wepesi uleule ambao zamani mtu alitaja Rumonge au Uvira.

Lakini ukiwauliza watu haohao kuhusu Kigali, wanapumua kwanza. Kigali iko kilomita 175 tu kutoka uwanja wa ndege wa Bujumbura, ukipima kwa mstari ulionyooka. Ni nusu saa ya angani. Msafiri hajamaliza hata soda yake, magurudumu yameshagusa ardhi. Hata hivyo wapo mama zetu ambao wana watoto Kigali na hawajui lini watawaona, ilhali wana watoto Dubai na wanajua kabisa ni mwezi gani watakuja na masanduku yao.

Jambo hili nimelitafakari kwa muda mrefu, maana limo katika maisha ya kila nyumba ninayoifahamu hapa. Nimefika mahali pa kuamini kwamba kilomita ni kazi ya Mungu, lakini umbali ni kazi ya wanadamu.

Nyakabiga si mtaa mkubwa. Umeshikana na Bwiza upande mmoja, mto Ntahangwa unapita kando yake, na ukipanda kidogo unafika Mutanga penye kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964. Wanafunzi wengi hupanga vyumba kwetu kwa sababu wanaweza kwenda darasani kwa miguu. Avenyu zetu zina namba, na mtu akikuelekeza kwake anakutajia namba ya avenyu kwanza, kisha rangi ya geti. Kiswahili kinasikika barabarani pamoja na Kirundi na Kifaransa, na mara nyingi sentensi moja inakuwa na vyote vitatu. Hali ya hewa ikiwa safi, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inaonekana wazi. Mtoto wa hapa hukua akiiona nchi nyingine kila asubuhi kabla hajajua maana ya nchi.

Mtaa kama huu una elimu yake ya safari, na haikutoka katika vitabu. Vijana wanaokwenda kununua bidhaa China wanajua kwamba Maonyesho ya Canton yamekuwepo Guangzhou tangu mwaka 1957. Wanazijua Xiaobei na Sanyuanli, sehemu za mji huo ambako Waafrika walizoea kukutana, kula na kupatana bei. Wanajua kwamba ukitoka Bujumbura kupitia Addis Ababa unaruka kilomita 1,700 kwanza, kisha 8,000 nyingine, na kwamba hicho kipande cha pili ni usiku mzima kwenye kiti kimoja. Wanajua pia swali ambalo kila anayerudi huulizwa: kwa nini kurudi kunachukua muda mrefu kuliko kwenda?

Jibu lake linapendeza. Wapo wanaodhani kwamba dunia inazunguka chini ya ndege, kwa hiyo ndege ikienda upande mmoja mji unaifuata na ikienda upande mwingine mji unaikimbia. Sivyo. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinacholeta tofauti ni upepo. Juu kabisa, penye kilomita kumi na zaidi, upo upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa katika maeneo yaliyo kaskazini na kusini ya ukanda wa tropiki. Ndege ya kwenda Guangzhou husukumwa mgongoni na upepo huo; inayorudi hupambana nao uso kwa uso. Sisi wa karibu na ikweta hatuujui sana, na ndiyo maana safari ya Bujumbura na Nairobi haitofautiani sana kwenda na kurudi.

Lipo pia jambo la njia yenyewe. Ukitazama ramani ya ukutani, njia fupi kati ya miji miwili ya mbali huonekana imepinda kuelekea ncha ya dunia. Rubani hakupotea. Dunia ni duara, mzingo wake kilomita 40,000, na mstari mfupi juu ya duara hauwezi kunyooka kwenye karatasi. Karatasi ndiyo inayodanganya. Hilo peke yake linatosha kumfundisha mtu unyenyekevu mbele ya ramani.

Na kuna tofauti ya saa. Dubai iko mbele yetu kwa saa mbili, Guangzhou kwa saa sita. Mwislamu aliyefunga Ramadhani akipanda ndege Dubai asubuhi kuelekea Guangzhou, jua linamkimbilia. Siku yake inafupika kwa karibu saa nne, na futari inamfikia mapema. Akirudi ni kinyume chake: jua linabaki dirishani halitaki kuzama, na saumu inarefuka. Mtu huyo hajaongeza wala kupunguza kitu katika nia yake. Ni mwendo tu uliobadilisha siku.

Ukisikia haya yote unaweza kudhani kwamba mwanadamu ameshinda umbali. Ndivyo tunavyoambiwa: dunia imekuwa kijiji. Mimi sikubaliani, na ushahidi wangu uko hapahapa Nyakabiga.

Namba ya saa saba, au saa kumi, au nusu saa, huanza kuhesabiwa pale ndege inapoondoka. Haimhesabii mtu safari ya kufika kwenye ndege. Uwanja wa ndege wa Bujumbura, ambao tangu mwaka 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, uko kilomita kumi hivi kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya kwenda Gatumba. Kilomita kumi si kitu. Lakini katika miaka hii ya uhaba wa mafuta kilomita kumi zimekuwa safari kamili. Magari yamelala kwenye foleni za vituo vya mafuta siku kwa siku. Watu wamerudi kutembea kwa miguu kutoka kazini, makundi kwa makundi, jioni barabara zimejaa kama siku ya maandamano. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Mtu anayeweza kulipia tiketi ya kuvuka bahari anaweza kukosa gari la kumfikisha kwenye kaunta.

Namba hizo pia hazihesabu miezi ya kutafuta pasipoti, wiki za kungoja viza, siku za kutafuta dola katika mji ambao dola hazipatikani kwa urahisi. Kwa mfanyabiashara mdogo wa hapa, safari ya Guangzhou huanza mwaka mmoja kabla ya kupaa. Ukimuuliza umbali wa huko hatakutajia kilomita. Atakutajia vikao vya kikundi cha akiba, mkopo wa mjomba, kiwanja kilichowekwa rehani, na ile siku aliporudishwa kwa sababu karatasi moja ilikosa mhuri. Huo ndio umbali wake. Zile saa za angani ni mapumziko.

Wazee wetu walilielewa hili vizuri, kwa sababu wao hawakuwahi kutenganisha umbali na taabu. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulichukua kama miezi mitatu mambo yakienda vizuri, na mambo hayakuwa yakienda vizuri mara nyingi. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Zanzibar Juni 1857 na kufika Ziwa Tanganyika Februari 1858. Hawakucheleweshwa na kilomita. Walicheleweshwa na homa, na mvua, na wapagazi waliochoka, na hongo ya kila mtawala ambaye walipita katika nchi yake. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 ikawa ya siku chache. Leo ndege ya Dar es Salaam na Kigoma haimalizi saa tatu. Ardhi ni ileile. Kilichopungua ni vizuizi.

Baharini mambo yalikuwa hivyohivyo. Jahazi la Muscat lilifika Zanzibar kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kati ya miji hiyo ni karibu kilomita 3,900, na nahodha mwenye upepo mzuri aliweza kuzimaliza kwa wiki tatu au nne. Lakini aliyefika mwezi ambao si wake alingoja nusu mwaka upepo ugeuke. Kwake Muscat ilikuwa karibu Aprili na mbali Januari. Tofauti iliyopo ni kwamba kaskazi na kusi hazimwonei mtu. Zinafunga njia na kuifungua kwa wakati unaojulikana, na kila mtu anapanga maisha yake kwa hesabu hiyo.

Nadhani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu ndio walioliweka jambo hili kwa namna bora kuliko wote. Msafiri anaruhusiwa kupunguza sala, lakini ni nani msafiri? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, umbali unaomfanya mtu kuwa msafiri ulikadiriwa kwa mwendo wa siku mbili wa mnyama aliyebeba mzigo, na wasomi wa sasa wanaugeuza kuwa kilomita themanini na kitu. Kisha wakaulizwa: na aliyeukata umbali huo kwa muda mfupi mno? Wakajibu kwamba bado ni msafiri. Wepesi wa chombo haumwondolei mtu ugeni wake. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Nyakabiga akienda Uvira si msafiri, maana ni kilomita kama 30 tu. Akienda Kigali au Kigoma ni msafiri, hata kama amekaa angani nusu saa.

Nimezitaja Kigali na Kigoma pamoja kwa makusudi. Ukipima kutoka uwanja wetu wa ndege hadi viwanja vya miji hiyo, Kigali iko kilomita 175 kaskazini mashariki, na Kigoma iko kilomita 177 kusini. Ni kama mtu aliyechora duara na kuiweka Bujumbura katikati. Kwa hesabu ya mbinguni, kati ya majirani hao wawili hakuna aliye karibu kuliko mwenzake. Jua linapita juu ya Kigoma na juu ya Bujumbura karibu kwa dakika ileile, kwa sababu miji hiyo iko karibu kwenye mstari mmoja kutoka kaskazini kwenda kusini. Lakini saa za Kigoma ziko mbele ya zetu kwa saa nzima. Mvuvi akivuka mpaka ule usioonekana majini, wakati wake unaruka na jua lake halijasogea. Hata saa, kumbe, ni mapatano.

Na mapatano hufanywa, na mapatano huvunjwa. Tarehe 20 Septemba 1976, mjini Gisenyi, Burundi, Rwanda na Zaire ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ili watu na bidhaa vipite kwa urahisi kati ya nchi hizo tatu. Tarehe 1 Julai 2007 Burundi na Rwanda ziliingia siku moja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 1 Julai 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika, ikiahidi uhuru wa watu kutembea na kufanya kazi kokote ndani ya Jumuiya. Kwa miaka kadhaa mabasi yalikwenda na kurudi kupitia Kayanza na Akanyaru. Mtu aliondoka Bujumbura asubuhi akala chakula cha mchana Huye na kufika Kigali kabla jua halijazama. Watu wakaoa, wakaolewa, wakasomesha watoto, wakafungua maduka. Hapo Kigali ilikuwa karibu kweli.

Kisha ukaja mwaka 2015. Nyakabiga ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyotoka barabarani kuandamana Aprili ile, na iliumia vibaya kabla mwaka haujaisha. Familia zikatawanyika. Waliokwenda kaskazini wengi waliingia Rwanda, na kambi ya Mahama ikafunguliwa kwa ajili yao. Waliokwenda kusini wakafika Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya ziwa na mlima. Makumi ya maelfu ya watu walikwama pale Mei 2015 wakingoja meli, kipindupindu kikiwa kati yao. Meli yenyewe ilikuwa MV Liemba, chombo kilichoundwa na Wajerumani na kuanza kazi katika ziwa hili mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Kigoma ile iliyo kilomita 177 kwetu ilikuwa, kwa waliolala ufukweni Kagunga, mbali kuliko mji wowote wa Asia. Mama aliyekuwa na mtoto anayeharisha hakuhitaji kuambiwa umbali kwa kilomita.

Mpaka wa Rwanda ulifungwa katika miaka iliyofuata, ukafunguliwa tena mwaka 2022, watu wakaanza kutembeleana. Usiku wa 22 Desemba 2023 watu wenye silaha walishambulia Vugizo, karibu na Gatumba, na serikali ikatangaza kwamba watu 20 wameuawa, wakiwemo watoto. Kundi la waasi la RED-Tabara lilikiri kufanya shambulio hilo, Burundi ikasema Rwanda inalisaidia kundi hilo, Rwanda ikakanusha. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka. Mwaka huo ukapita wote, mwaka mwingine ukaingia, mlango umefungwa.

Tangu hapo anayetaka kwenda Kigali kwa gari anazunguka Tanzania. Anapanda hadi Muyinga, anavuka Kobero, anapita Ngara, anavuka tena Rusumo, ndipo anaishika barabara ya Kigali. Kwa anga, ndege ya moja kwa moja ikikosekana, anapitia Entebbe au Nairobi au Addis Ababa. Akipitia Addis Ababa atakuwa ameruka zaidi ya kilomita 3,200 ili asogee kilomita 175. Kilomita hizo ni zaidi ya nusu ya njia ya Dubai na Guangzhou. Tazama basi jinsi mwanadamu alivyo na uwezo. Mungu aliweka mji nusu saa kutoka kwetu, na sisi tukauhamisha tukaupeleka ng'ambo ya Uhabeshi.

Sitaki kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Waliouawa Vugizo walikuwa watu, na nchi yoyote ina haki ya kuwalinda wanaoishi ndani yake. Anayesema mipaka yote ifunguliwe bila kuuliza nani anaivuka na nini amebeba, hajalala katika mtaa uliosikia risasi. Nyakabiga imezisikia. Pia historia ya nusu saa hii ina jeraha lake. Tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Ndani yake walikuwemo marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Baada ya hapo yakaja maangamizi ambayo dunia nzima inayajua. Watu wa nchi hizi mbili wanaogopana kwa sababu wanazozikumbuka.

Lakini hofu, hata ikiwa na sababu, lazima iulizwe gharama yake na nani anayeilipa. Wenye silaha hawapiti kwenye kituo cha uhamiaji wakapanga foleni na pasipoti mkononi. Wanaopanga foleni ni muuza nyanya, mwanafunzi, mgonjwa aliyepewa rufaa, mjukuu anayekwenda kumzika babu. Mpaka unapofungwa, hao ndio wanaozuiwa. Nimeshuhudia mazishi ambayo mtoto wa marehemu aliyashiriki kwa simu. Jirani alishika simu juu ya kaburi mkono ukitetemeka, na upande wa pili kijana yuko kilomita 175 anaona udongo ukimwagwa juu ya mama yake. Nduguye wa Dubai, aliye zaidi ya kilomita 4,200 kutoka hapa, alikuwa amefika usiku uliotangulia. Alipanda ndege, akabadilisha, akatua. Yeye ndiye aliyetupa konzi ya kwanza ya udongo. Simu ilimletea mdogo wake picha na sauti, lakini maiti haibebwi kwa simu wala mfiwa hashikwi bega kwa simu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Vivyo hivyo mkono wa mbali haufuti chozi.

Hapo ndipo zile saa saba za Dubai na Guangzhou zinaponifikirisha kwa namna nyingine. Kwa nini miji ile miwili iko karibu? Haina lugha moja, wala dini moja, wala babu mmoja. Imekaribiana kwa sababu watu walikaa mezani wakakubaliana: ndege ngapi kwa wiki, nani atue wapi, nani aingie kwa viza ipi, mzigo ukaguliweje. Afrika nayo imeyaandika makubaliano ya namna hiyo. Upo Uamuzi wa Yamoussoukro wa mwaka 1999 wa kufungua anga, na Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga lililozinduliwa Addis Ababa Januari 2018. Karatasi tunazo. Tulichokosa ni moyo wa kuzitimiza pale zinapotuuma. Bujumbura na Kigali zina karibu lugha moja, maana Mrundi na Mnyarwanda wanasikilizana bila mkalimani, na Kiswahili kinawaunganisha na wengine wote wa ukanda huu. Ikiwa kuelewana kwa maneno kungetosha kufupisha njia, hakuna miji miwili duniani ambayo ingekuwa karibu kama hii.

Februari 2025, vita vilipopamba moto mashariki ya Kongo, makumi ya maelfu ya watu waliukimbilia upande wetu, wengine wakivuka mto Rusizi kwa njia ya hatari. Hawakuuliza umbali. Walijua kwamba ng'ambo ya maji kuna watu. Na watu wa hapa, pamoja na foleni zao za mafuta na bei zao zisizoshikika, waligawana nao walichokuwa nacho. Kwa hiyo najua kwamba ukarimu bado upo. Tatizo letu halijawahi kuwa mioyo ya majirani.

Kwa wanaosoma haya wakiwa Muscat, Dubai, Guangzhou, Brussels au kokote mlikofika, nawaomba msiuone wepesi wa safari zenu kuwa jambo la kawaida. Mlango mnaopita ulifunguliwa na watu, na watu wanaweza kuufunga. Kwa walio Bujumbura na Kigali wenye saini na mihuri, nasema kwa heshima zote: kamateni wahalifu, kagueni mizigo, wekeni askari kila daraja mkiona inafaa, kisha mwachieni muuza nyanya apite. Anzeni hata na siku moja kwa wiki, hata na wafiwa na wagonjwa peke yao. Haihitaji mkopo wa benki, wala reli mpya, wala ndege mpya. Barabara ya Akanyaru ina lami tayari.

Na wewe uliye Nyakabiga, mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka huo, usimfundishe mtoto wako kwamba Kigali ni mbali. Mwambie ukweli: ni kilomita 175, nusu saa ya ndege, siku moja ya basi. Mwambie kwamba kilichobaki kati yetu na huko kimewekwa na watu, na watu wanaweza kukiondoa.